Masufuria ya Kwamkembe

Namba ya mji ilianguka asubuhi, watu wakinywa chai. Siwema Mhina alikuwa bado anatafuna chapati aliposikia majirani wakiguna kwa pamoja, akatoka barazani na kikombe mkononi kuutazama mnara. Jana ulisomeka tisini na moja. Sasa ulisomeka themanini na nane, na chini yake, kwa taa nyekundu, neno ambalo Tanga haikuliona tangu masika: HAIJATIMIA.

"Mama Mizani!" jirani wa ng'ambo akapaza sauti. "Mmetufanyia nini tena? Au namba nayo mmeila?"

"Namba hailiwi, shemeji. Ingekuwa inaliwa mngeshaimaliza nyinyi."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini chai haikushuka. Alirudi ndani, akavaa kiatu kimoja, akausahau mkoba, akaurudia, na muda si muda alikuwa njiani kwenda ofisini kwa mwendo wa mtu aliyeacha maziwa motoni.

Alikuwa na haki ya kuhaha. Kesho yake mkaguzi wa Muungano wa Miji angefika kuithibitisha namba hiyo. Tangu migodi ifungwe, hakuna mji uliopata metali mpya isipokuwa ule ulioonyesha kwamba katika kila mia ya metali yake, tisini inarudi kazini badala ya kutupwa. Mgao ulikuwa mmoja tu kwa mwaka kwa kanda nzima. Tanga ilikuwa imeutolea macho kwelikweli, kwa sababu kule pwani mtambo wa kuchuja maji ya bahari ulikuwa umejengwa kuta, umeezekwa, umepakwa hata rangi, na ndani yake hamna mirija. Tanga ikikosa, mgao ungekwenda Same, waliokuwa nyuma yao na tisini kamili. Na mtu wa kuweka kiganja chake juu ya kioo mbele ya mkaguzi na kusema namba hii ni ya kweli alikuwa Siwema, mpimaji mkuu.

Ofisini alimkuta Injinia Kibwana Shelukindo, mkuu wa Ofisi ya Mizani, anajifuta shingo kwa leso. Injinia alikuwa mtu mnene, mpole, asiyejua kugomba, na siku hiyo upole wake ulitisha kuliko ugomvi.

"Tafuta panapovuja, mama," alisema. "Nakuomba."

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kinachoingia mjini lazima kilingane na kinachotoka pamoja na kinachobaki. Kisipolingana, ama kipimo kimesema uongo ama mtu. Kila metali inapotoka tanurini huchanganywa na chembe za chapa, laini kuliko unga wa sembe, na chembe hizo husomwa na kizingiti cha kila mlango mjini. Msumari hauingii nyumbani kwako usijulikane. Metali iliyokaa miezi bila kuvuka mlango huhesabiwa imelala, na iliyolala huitwa: gari la tanuri linakuja kuichukua ikayeyushwe iwe kitu kingine. Ila kuna kanuni moja ambayo Siwema aliipenda kuliko zote, kanuni ya mkono kwa mkono. Kitu kikitoka nyumba moja kikaenda kutumika nyumba nyingine huhesabiwa kimerudi, sawasawa na kilichoyeyushwa, kwa kuwa kimeokoa kutengenezwa kipya. Wapimaji wa miji mingine waliicheka kanuni hiyo, na Siwema aliitetea kwenye vikao mpaka sauti ikamkauka.

Alitandaza ramani ya mji kwenye meza ya kioo. Kila mtaa ulikuwa na nukta zake zikivuka milango, kama kawaida. Lakini nukta nzito nzito, zile za alumini, zilikuwa zimehama mitaa yote na kwenda kurundikana Kwamkembe, kwenye nyumba moja, zikatulia.

Kwamkembe ndiko alikolelewa. Aliitazama ile nyumba, akainuka, akaketi, akainuka tena. Namba ilikuwa imeshawahi kuyumba hivi hivi wiki aliyokufa Sheuya mwashi. Alikumbuka kwa sababu alikuwa uani kwa wafiwa akikuna nazi, na simu ya ofisini ikamkuta na machicha mkononi. Ikayumba tena alipokufa Bi Rehema mkunga. Na jana jioni alikuwa ameletewa habari kwamba Sefu Kajembe, fundi baiskeli, amefariki.

Injinia alimwona anachukua mkoba. "Umepapata panapovuja?"

"Hapavuji," alisema Siwema. "Kuna msiba."

*

Alimkuta shangazi yake, Bi Mwanakheri, uani kwa marehemu, kanga mbili kiunoni, anapindua wali kwa mwiko mrefu. Kumzunguka yalikaa juu ya mafiga masufuria ambayo Siwema hajapata kuyaona yote kwa pamoja: makubwa, mazito, mengine mtoto angeweza kuogea ndani. Sefu alikuwa amewaziba pancha watu wa mji mzima, na mji mzima ulikuja kumzika.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuzika au umekuja kupima?"

Siwema alimpa pole ya msiba, akatoa ubani wake, akashika kisu amenye vitunguu. Vitunguu viwili tu, akakiweka kisu chini. "Haya masufuria, Shangazi. Siku zisizo na msiba yanakaa wapi?"

"Hayakai." Bi Mwanakheri alifunika sufuria, akapanga makaa juu ya kifuniko. "Ndiyo dawa yake. Umesahau lile sufuria la mtaa, lililompikia mama yako? Lilikaa stoo kwangu, limesuguliwa, linangoja. Likaja gari la tanuri. Eti limelala. Nikawaambia, nyie watoto, sufuria la msiba likikesha kila siku si tutakuwa tumekwisha sote? Wakalibeba. Wiki ile ile akafa mtu, tukapika kwenye ndoo."

"Nakumbuka."

"Basi tukasoma mchezo. Sufuria linalokaa linaitwa. Linalovuka mlango haliguswi. Tukayavusha. Kila Ijumaa baada ya sala, yangu yanakwenda kwa Mama Chausiku, ya Mama Chausiku yanakwenda kwa jirani yake, hivyo hivyo mpaka yanazunguka. Mitaa mingine ikatuiga. Na tunayapeleka kwa adabu: chombo cha watu hakirudi kitupu, unatia vitumbua, unatia muhogo, chochote ulicho nacho. Hatujaiba mali ya mtu."

Alisema hivyo kwa majivuno, na alistahili. Hakujua hata kidogo alichokuwa akikifanyia kioo cha ofisini. Siwema alijua. Kila Ijumaa, kila mlango, mizani ilikuwa ikihesabu sufuria moja limerudi kazini. Wiki iliyofuata likahesabiwa tena. Msiba ukitokea yalikusanywa nyumba moja, mzunguko ukakatika, namba ikaanguka. Sufuria lile lile la Mama Chausiku lilikwishahesabiwa kwa mwaka mmoja kama shehena nzima ya masufuria, na hakuna hata kijiko kilichookolewa. Tanga haikuwa imefika tisini na moja. Tanga ilikuwa inazungusha vyombo vya msiba.

*

Alimpigia Injinia simu akiwa kwenye uchochoro, anatembea huku na huku mbele ya ukuta. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa ule upole wake, "Basi yatembee."

"Yana wali ndani, Injinia. Watu hawajarudi makaburini."

"Wiki hii tu, mama. Hakuna aliyeiba. Masufuria yapo, yanavuka milango, kanuni inasema yahesabiwe. Ni kanuni uliyoipigania wewe." Akakohoa. "Wajukuu zangu wanaoga kwa kikombe, Siwema. Na wa kwako je?"

Hata wa kwake walioga hivyo hivyo. Alirudi uani amejiandaa kutukanwa, na pengine alitaka atukanwe, apate sababu ya kukataa. Alieleza kwa mkato: mkaguzi, namba, mtambo. Hakueleza kilichobaki, kwamba namba yenyewe ni ya uongo. Bi Mwanakheri aliuliza swali moja tu.

"Ni kwa ajili ya maji?"

"Ni kwa ajili ya maji, Shangazi."

"Haya. Wanawake! Leteni miti."

Walipitisha miti kwenye masikio ya masufuria, wawili mbele, wawili nyuma, na wali unatokota. Wakatoka mlango wa mbele wakaingia wa jirani, wakatokea uani kwake wakaingia wa tatu. Kutoka, kuingia, kutoka. Wanaume waliporudi kutoka kuzika walisimama njiani na koleo zao, hawakuelewa chakula kinakimbizwa na nani. Mjane wa Sefu alichungulia dirishani, akauliza kama kuna moto. Siwema, aliyepaswa kumjibu, aliinamisha uso.

Kule mjini namba ilikuwa inapanda. Themanini na tisa. Vijana wa barabarani walianza kushangilia. Ilipofika tisini zilipigwa honi na vifijo hadi vikasikika ndani ya nyumba ya msiba, na sheikh akakatisha dua.

Kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho Mama Chausiku alijikwaa. Sufuria liliinama. Bi Mwanakheri hakuliachia. Alilikumbatia kwa mkono wake wa kulia lisimwage chakula cha watu, na uji wa moto wa wali ukamchuruzika kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lishusheni taratibu," kisha akaketi chini.

Siwema alimmwagia maji ya mtungi, maji yaliyobaki, huku akilia waziwazi.

"Unalia nini?" shangazi yake alimkemea, meno yameng'ata kanga. "Imefika?"

"Imefika. Tisini na moja."

"Alhamdulillahi. Sasa tupakue, watu wana njaa."

*

Mkaguzi aliitwa Elineema Mshana, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti lililopauka mabegani. Alizipitia hesabu moja moja, Injinia akimmiminia juisi ya ukwaju kila glasi ilipopungua. Siwema alisimama dirishani. Usiku uliopita hakulala. Aliona kila akifumba macho ule mkono.

Na aliona jambo jingine, la zamani kidogo. Alipokwenda Same kwa mafunzo, mama mwenye nyumba alimwandalia chai, akaonja, akakuta chumvi. Alidhani ni utani wa wenyeji kwa mgeni. Mama yule akacheka, "Mwanangu, hicho ndicho kisima chetu. Sukari tumeweka, ila inashindwa." Watu wale walikuwa na tisini yao, halali, waliyoikusanya msumari kwa msumari.

Tena kulikuwa na hili, ambalo Injinia kwa woga wake hakutaka kulifikia. Mtambo ukianza kazi utachakaa, na vipuri vyake vimepangwa kutoka kwenye metali inayorudi. Metali ipi? Siku ya kuitafuta wataenda ghalani na kukuta maandishi tu. Hapo Tanga itakuwa haina maji wala masufuria.

"Mpimaji mkuu," mkaguzi alisema, akisukuma kioo mezani. "Tisini na moja. Unaithibitisha?"

Siwema aliuficha mkono wake ndani ya mtandio. "Siithibitishi."

"Amefiwa," Injinia akawahi kusema. "Hajalala, msamehe."

"Nimefiwa kweli," alisema Siwema, "lakini akili ninazo." Akaeleza yote, Ijumaa na milango na miti, mkono wa shangazi yake pia. Mkaguzi aliacha kunywa.

"Ukiyaondoa hayo masufuria inabaki ngapi?"

"Themanini na tatu."

Injinia Kibwana aliketi polepole kama mtu aliyeambiwa gharama ya sanda.

"Na yenyewe niyaandikeje?" mkaguzi aliuliza. "Yanatumika, au yamelala?"

"Yanangoja."

"Kwenye kanuni hakuna kungoja, dada yangu."

"Bomba la zimamoto hapo nje lina miaka halijavuka mlango. Mbona haliitwi?"

Elineema Mshana alilitazama bomba kupitia dirishani, jekundu, chuma kitupu, limefutwa vumbi. Alitafakari kwa uaminifu, hilo Siwema hakumnyima. "Hoja hiyo ina nguvu," alisema. "Ilete kwenye kikao cha mwakani. Leo nina maneno mawili tu ya kuchagua, na wewe mwenyewe umenizuia kutumia la kwanza."

Alijua itakuwa hivyo. Alikuwa amejua tangu alfajiri. Aliutoa mkono mtandioni na kuuweka juu ya kioo, na kioo kilikuwa baridi. Nje, mnara ulibadilika: themanini na tatu.

*

Gari la tanuri lilikuja Kwamkembe siku tulivu. Bi Mwanakheri, mkono umefungwa bandeji, alimwambia dereva angoje. Wanawake walikaa chini na majivu na maganda ya nazi, wakayasugua masufuria yote, ndani na nje, mpaka yakang'aa. "Hayaondoki na masizi," alisema. "Yametulisha." Dereva alikuwa mtu mzima, akazima gari akangoja.

Siwema alikuja kusaidia kusugua. Shangazi yake alimnyang'anya ganda la nazi.

"Siku yako ikifika," alimwambia, "watakupikia kwenye kijiko."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake kwa muda mrefu. Wengine hawakumpa hata hayo. Jirani wa ng'ambo aliacha kumwita shemeji. Injinia aliomba kustaafu, kwa upole. Redio ilitangaza kwamba mirija imefika Same, na Siwema alifurahi kweli, kisha akaona haya kwa kufurahi, kisha akazima redio. Aliandika hoja ya kungoja mara nyingi, akaichana, akaiandika tena. Alikula amesimama, dirishani au mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Aliyekufa mwanzo wa vuli alikuwa Mama Chausiku.

Hapakuwa na chombo cha kumpikia. Kila nyumba ilikuja na sufuria lake, la chai, la mchuzi, la uji wa mtoto, na ua ukajaa mafiga madogo madogo hadi pa kukanyaga hapakuonekana. Moshi ulikuwa mwingi, na wali wa huku uliiva wa kule bado mchele. Siwema alisimama nje ya mlango na sufuria lake mikononi, lile la watu wanne. Akavuka kizingiti. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Alipata nafasi ukutani karibu na banda la kuku, akapanga mawe matatu, akapika. Wali wake ulishika chini. Wanawake waliupakua pamoja na wa wengine, na yeye hakuweza kuketi akaila mboga ya watu wasiomtazama. Aliondoka, sufuria akaliacha.

Kesho yake asubuhi mlango uligongwa. Bi Mwanakheri alisimama barazani, sufuria la Siwema kichwani, limefunikwa kwa kawa. Mkono ulikuwa umepona, ngozi yake imekunjamana, ya waridi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba." Aliingia bila kukaribishwa, akalitua sufuria sakafuni, akafunua. Lilikuwa limesuguliwa nje, na ndani limejaa pilau mpaka ukingoni, na ukoko umewekwa pembeni, kama Siwema alivyoupenda tangu mtoto.

"Usidhani nimekusamehe," alisema Bi Mwanakheri. "Chombo cha watu hakirudi kitupu, basi."

"Najua, Shangazi."

"Na wali wako uliungua. Nani alikufundisha kupika, sijui." Alivuta kanga yake, akatoka, na Siwema akasikia ndara zake zikienda, zikasita kidogo getini, zikaendelea.

Siwema alikwenda dirishani kwa mazoea, mkono umeshika ukoko. Kisha akarudi katikati ya chumba, akakunja miguu juu ya mkeka karibu na sufuria, na akala amekaa.